Dubai haikimbii ndege

Swali limeletwa tena, safari hii kutoka Mogogosiek: mbona tiketi ya binti yetu inaonyesha saa 6 kwenda Dubai na saa 4 kurudi? Kabla sijafungua mdomo, muulizaji keshajijibu: dunia huzunguka kuelekea mashariki, basi ndege ikienda huko huufukuzia mji unaokimbia, na ikirudi, Nairobi huja kuilaki.

Hapana. Tuipime hoja hiyo hapohapo Mogogosiek, kwenye shamba la chai. Karibu na ikweta ardhi husafiri kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, yaani zaidi ya mita 460 kwa sekunde. Mchuma chai hurusha konzi ya majani juu ya bega, yakatua kapuni mgongoni. Yakikaa hewani nusu sekunde tu, kwa hesabu ya msomaji wetu kapu lingekuwa limeshayaacha nyuma zaidi ya mita 200, na kiwanda cha Mogogosiek kisingeona hata jani moja. Majani hutua kapuni kwa sababu tangu mwanzo yalikuwa safarini pamoja na mchumaji, kapu, kilima na hewa yenyewe. Ndege nayo huruka ikiwa na mwendo huohuo, ndani ya hewa inayozunguka na dunia.

Kama hayo hayatoshi, ndege ya abiria huenda kama kilomita 900 kwa saa. Dubai ingekuwa inakimbia kwa zaidi ya 1,500, nani angewahi kufika? Na Kisumu, iliyo magharibi mwa Nairobi kwa kilomita 265 hivi za angani, ingejileta yenyewe kwa dakika 10. Rubani angepaa tu na kungoja. Ratiba husema dakika 50 hivi kwenda, na vivyo hivyo kurudi.

Tiketi huandika saa za mahali, basi. Dubai iko mbele kwa saa 1. Ipunguze ukienda, iongeze ukirudi: saa 5 kila upande. Doha hufuata saa zilezile za Nairobi, na sijawahi kuulizwa habari za Doha.

Tofauti ya kweli huletwa na upepo. Kenya Airways ilipoanza kwenda New York moja kwa moja, Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa kuwa mbali na ikweta upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi na kumsukuma anayerudi.

Sasa mipango ya kufika uwanjani Nairobi, upesi. Ama matatu hadi Nairobi kupitia Bomet, Narok na Mai Mahiu, ambako malori hayana haraka yako. Ama Kericho, kisha Kisumu, upande ndege. Safari ya nje, uwe uwanjani saa 3 kabla. Na tiketi ikisema 00:30 tarehe 14, toka nyumbani asubuhi ya tarehe 13. Ukifika jioni ya tarehe 14, ndege itakuwa imeshafika Dubai tangu asubuhi.