Gandisha Tunda, Si Maji

Wengi waliojaribu kutengeneza nyumbani kinywaji cha barafu chenye rangi tatu wamekata tamaa siku ya kwanza. Wametia juisi na mabonge ya barafu kwenye blenda, ile ambayo hapa Butembo tunaiita mixeur, wakaisaga mpaka ikalia, wakamimina. Dakika tano baadaye juu kuna povu, chini kuna maji yaliyopauka, na utamu umekwisha. Wakailaumu mashine. Mashine haina kosa. Barafu ni maji, na ikiyeyuka inazimua kila kilichomo kwenye gilasi.

Dawa yake ni kugandisha tunda lenyewe.

Maji matupu yakiganda huwa jiwe. Tunda nalo lina maji mengi, ila yamechanganyika na sukari. Baridi inapoanza kazi, punje za barafu huundwa na maji peke yake. Sukari hubaki katika umajimaji ambao bado haujaganda, na kadiri unavyopungua ndivyo unavyozidi kuwa mzito na mgumu kuganda. Ndiyo maana kipande cha nanasi kilicholala usiku kucha kwenye friza bado kinapitika kwa kisu, na blenda hukifanya uji mzito unaosimama kwenye kijiko. Tunda lisiloiva vizuri lina sukari kidogo, kwa hiyo hutoa kinywaji cha punjepunje kama mchanga. Chagua lililoiva hasa, hata lile ambalo muuzaji analipunguzia bei kwa sababu halitafika kesho.

Katika jambo hili mteremko wetu ni neema. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; ukishika njia ya Beni, kilomita zipatazo 54, unateremkia nchi ya joto. Nanasi na papai hustawi huko chini. Marakuja na lile tunda damu tunaloliita prune hupenda baridi ya milima. Gilasi ya rangi tatu inaweza kubeba mteremko mzima bila tone la rangi ya dukani.

Kwa gilasi nne, andaa vikombe viwili vya vipande vya nanasi, viwili vya papai, na prune nyekundu nane. Prune zimwagie maji ya moto kwa dakika moja, kisha menya. Ganda lake ni chungu na litaharibu kazi yote. Vipande viwe vya ukubwa wa kidole gumba. Vitandaze kwenye sinia bila kugusana na uviache vigande usiku kucha. Ukivirundika vitashikana bonge moja, na bonge hilo ndilo linaloua blenda.

Saga kila tunda peke yake, ukianza na rangi nyepesi ili usioshe chombo kila mara: nanasi, papai, kisha prune. Nanasi liongezee robo kikombe cha maji baridi. Papai, robo kikombe cha juisi ya marakuja. Marakuja ichujwe kwanza: mbegu zake zikisagwa huacha madoa meusi na uchungu. Prune itie vijiko viwili vya sukari na matone ya limau. Kila ukimaliza rangi moja, irudishe kwenye friza ikusubiri.

Kumimina ni kinyume chake. Prune yenye sukari nyingi ndiyo nzito, kwa hiyo iende chini. Papai lifuate, nanasi likae juu. Gilasi ziwe zimepoa robo saa kabla, na umimine polepole juu ya mgongo wa kijiko. Uzito na ubaridi ndivyo vitakavyozuia rangi zisichanganyike.

Rangi hizi hazina tabia moja. Njano na rangi ya chungwa hutokana na karotenoidi, ambazo hazitikiswi na limau wala maziwa. Wekundu wa prune una anthosiani: uchachu huung'arisha, maziwa huufanya uelekee zambarau iliyofifia. Kwa hiyo usitie maziwa kwenye prune.

Hata kwenye papai, maziwa yana mtego. Watu wa Beni wanaujua utomvu wa papai bichi, unaogemwa, kukaushwa na kuuzwa nje kama papaini, kimeng'enya kinachovunja protini na kulainisha nyama. Tunda lililoiva nalo huwa na vimeng'enya vya aina hiyo, na nanasi lina ndugu yake, bromelaini. Huvunja protini ya maziwa na kuacha uchungu, na kugandisha hakuviui. Ukipenda maziwa, tia dakika ya mwisho na unywe papo hapo.

Umeme ukikatika, usifungue friza kila mara kuchungulia. Iliyojaa na kufungwa hutunza baridi kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Asiye na friza anunue barafu, aivunje, aichanganye na chumvi ya kutosha ndani ya ndoo, kisha azamishe humo mfuko wa juisi uliofungwa vizuri, akiutikisa. Chumvi huyeyusha barafu, na kuyeyuka huko hunyonya joto la juisi mpaka iwe nzito. Barafu hiyo ya ndoo hainywewi.

Neno la mwisho ni la usafi. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola ilipopita Beni, Butembo, Katwa na Vuhovi, ndoo ya kunawia ilisimama mlangoni kwa kila mtu. Mlipuko ule uliisha, kuhara na homa ya matumbo bado tunazo, na baridi haiui vijidudu vyake, huvilaza tu. Nawa mikono, osha matunda kabla ya kuyakata, na tumia maji yaliyochemshwa. Kwenye mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, lakini yakitokota sawasawa kwa dakika moja yanatosha. Yaache yapoe, ndipo uyatie kwenye blenda.