Athlete au Royal? Crown mbili, ushuru mmoja na barabara za Mwanza

Mfanyabiashara wa Mwanza aliyeanza na Vitz au IST, biashara ikamkubali, akaona sasa umefika wakati wa kutembelea gari la mtu mzima, mara nyingi huishia kwenye Toyota Crown. Hapo ndipo anapokutana na swali ambalo kwenye Vitz halikuwepo. Dalali anamwonyesha mbili, za mwaka mmoja, rangi moja, injini moja ya lita 2.5. Moja ni Athlete, nyingine ni Royal Saloon. Ya kwanza ina uso mkali na rimu kubwa zinazojaza tundu la tairi. Ya pili ina uso wa mkurugenzi anayekaribia kustaafu.

Wengi huchagua kwa macho, na mara nyingi macho huchagua Athlete. Tofauti kubwa ya magari hayo, hata hivyo, iko chini, kwenye springi, shokapu na tairi. Ndiyo itakayoamua mwenye gari atatoa kiasi gani gereji katika miaka mitatu inayofuata.

Kwanza ieleweke kwamba serikali haimsaidii mnunuzi kuchagua. Kwa viwango vya bajeti za miaka ya karibuni, gari la kutembelea linaloingia nchini hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18. Ushuru wa bidhaa hufuata ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa gari lenye injini kati ya cc 1,000 na 2,000, na asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000. Gari lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30 kwa uzee wake. Crown ya lita 2.5, iwe Athlete au Royal, iko kwenye kundi lile lile. TRA haiulizi kama springi ni ngumu au laini. Wala kituo cha mafuta hakiulizi, kwa kuwa injini ni ile ile na uzito hautofautiani sana.

Mgawanyo huo Toyota iliufanya kwa makusudi. Kuanzia toleo la mwaka 1999, Crown iliuzwa Japani kwa njia mbili zilizo wazi: Royal kwa mteja wa zamani anayetaka utulivu ndani ya gari, na Athlete kwa mteja kijana anayetaka gari linalojibu haraka usukani unapokatwa. Toleo la Desemba 2003, ambalo wapenzi wa gari hili huliita Zero Crown, liliendeleza utaratibu huo. Mwaka 2018 kampuni yenyewe iliachana nao na kutoa Crown moja bila majina hayo mawili. Mzigo wa miaka yote hiyo ya kati ndio uliotapakaa kwenye yadi za Dar es Salaam na kupandishwa huku Kanda ya Ziwa.

HESABU IKO UBAVUNI MWA TAIRI

Chukua Zero Crown. Royal huvaa tairi za 215/60R16. Athlete huvaa 225/45R18. Namba hizi ni lugha ya fedha, na mfanyabiashara anayejua kusoma ankara hashindwi kuzisoma. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia ya upana huo inayopatikana kwenye ubavu wa tairi, yaani raba iliyopo kati ya rimu na lami. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Piga hesabu. Asilimia 60 ya 215 ni milimita 129. Asilimia 45 ya 225 ni milimita 101. Kwa hiyo magurudumu mawili yanayokaribia kulingana kwa urefu yanapishana karibu sentimita 3 za raba. Sentimita hizo 3 ndizo zinazomeza shimo kabla halijafika kwenye rimu, kwenye bushi na hatimaye kwenye mgongo wa dereva. Kwenye Athlete hazipo. Badala yake ipo rimu. Faida yake ni kwamba ubavu mfupi haukunjiki sana gari linapoingia kona, hivyo usukani unakuwa mwepesi kutii. Hasara yake ni kwamba shimo lenye kingo kali hufika kwenye chuma moja kwa moja, rimu ikapinda au tairi ikatoa nundu ubavuni. Tairi yenye nundu haizibwi. Hutupwa.

Sasa tuitazame Mwanza yenyewe. Jiji hili limejengwa kati ya mawe na maji, na magari yake hupita kwenye mishipa michache: barabara ya Nyerere kupitia Mabatini, Nyakato na Igoma kuelekea Kisesa, barabara ya Kenyatta kupitia Mkuyuni, Butimba na Nyegezi hadi Buhongwa, na barabara ya Makongoro kupitia Kirumba na Pasiansi kuelekea uwanja wa ndege. Lami hiyo si mbaya. Lakini lami si mwisho wa safari, kwani watu wengi hawalali barabara kuu. Wanapanda vilima kwa njia za mawe yaliyopangwa, au wanaingia mitaa ya vumbi ambayo mvua za Machi hadi Mei huigeuza mifereji. Nusu kilomita ya mwisho kabla ya geti la nyumbani huweza kulichosha gari kuliko kilomita 12 za lami zilizotangulia.

Na kwenye lami nako kuna matuta, na zile rasta zinazopangwa kwa mafungu kabla ya kivuko cha watembea kwa miguu. Mtu anayetoka Buhongwa kila asubuhi kwenda kufungua duka katikati ya jiji anaweza kutembea kilomita kama 25 kwa siku kwenda na kurudi. Kwa siku 300 za kazi hizo ni kilomita 7,500 kwa mwaka. Si umbali wa kumaliza tairi kwa kusagika. Tairi za mtu huyu zitakufa kwa mashimo, kwa kingo za mitaro au kwa uzee, na katika vifo vyote hivyo tairi yenye ubavu mfupi ndiyo hutangulia.

Je, hiyo kona ambayo Athlete ilitengenezewa iko wapi? Asubuhi, foleni ya Mabatini haina kona ya kukimbilia. Kutoka nje ya jiji kwa barabara ya Musoma, vijiji vinafuatana na kila kimoja kina kibao cha kilomita 50 kwa saa. Mwenye kusahau hukumbushwa na askari mwenye tochi. Uwezo mkubwa wa Athlete, kwa mtu wa Igoma anayekwenda mjini na kurudi, ni kama kontena la futi 40 lililokodiwa kubeba gunia moja.

PIJO ILISHAJIBU

Wapo watakaosema kwamba gari laini haliwezi kutulia barabarani, kwamba lazima lilale upande kwenye kona na kumtia dereva hofu. Historia ya Afrika Mashariki inawakatalia. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Hayo yalikuwa magari ya familia yenye springi ndefu na laini, na toleo la 504 lenye bodi ndefu lilibeba abiria wa teksi za masafa kwa miaka mingi katika nchi hizi.

Sababu yake ni ya kifundi lakini haina ugumu. Tairi hukata kona na kufunga breki pale tu inapogusa ardhi. Kwenye lami nyororo, springi ngumu huizuia bodi isilale, na tairi zote nne hukaa chini vizuri. Kwenye barabara ya makorogeshi hali hugeuka: gari gumu huruka kutoka bonde hadi bonde, na tairi iliyo hewani haifungi breki wala haikati kona. Springi yenye nafasi ndefu ya kushuka na kupanda huifuata ardhi. Kwa hiyo ugomvi kati ya ulaini na utulivu, ambao magazeti ya magari ya Ulaya huushabikia, unategemea sana barabara inayozungumziwa.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa Royal ni malaika. Royal yenye shokapu zilizokufa ni gari baya kuliko Athlete yoyote nzima. Inaelea kama ngalawa, inainamisha pua breki zinapofungwa, na mbuzi akikatiza ghafla karibu na Magu, gari lenye uzito wa karibu tani 1.6 linakwenda linakotaka. Mnunuzi anayesifiwa gari kuwa ni laini kama godoro ajiulize kama ulaini huo ulitoka kiwandani au uliletwa na uchakavu. Kipimo cha zamani bado kinafaa: kandamiza kona ya bodi kwa nguvu kisha achia. Ikipanda na kutulia, shokapu ipo. Ikicheza mara mbili tatu, haipo. Baada ya hapo livushe polepole kwenye rasta huku redio na kiyoyozi vimezimwa, usikilize kama kuna kinachogonga chini.

Athlete nayo ina siri yake. Baadhi yake zina shokapu zenye waya, zinazoongozwa na kompyuta kubadilisha ugumu wake. Zikiwa nzima ni raha tupu, kwani hukupa gari mbili kwa bei ya moja. Zikifa, shokapu hizo hazina bei ya shokapu za kawaida. Wengi huzing'oa na kufunga za kawaida, taa ya onyo ikabaki inawaka kwenye dashibodi hadi siku ya kuuza, na siku hiyo ndiyo mnunuzi anapoiona.

Kwa mfanyabiashara mdogo, suala la lini pesa inahitajika ni zito kama suala la kiasi gani. Anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba anajua kwamba uvuvi wa taa hutegemea giza, na mwezi ukiwa mpevu mzigo hupungua na pesa nayo hupungua. Rimu iliyopinda haingoji giza lirudi. Mtaji uliotengwa kwa ajili ya mzigo unaofuata ndio unaokwenda dukani kununua tairi ya inchi 18, na kwa kuwa tairi za mbele inafaa zilingane, mara nyingi hununuliwa mbili.

Jambo la kushangaza ni kile ambacho baadhi ya wenye Athlete hufanya miezi michache baada ya kununua. Wakichoka kusikia bampa likisugua matuta, humpelekea fundi akawawekea spesa juu ya springi ili gari liinuke. Gari linainuka kweli. Pamoja nalo uzito unapanda juu, pembe za magurudumu zinabadilika, tairi zinaanza kulika upande, na ule utulivu wa kwenye kona uliolipiwa unaondoka. Mtu amenunua ukali, kisha amelipa tena ili auondoe.

Anayetaka njia ya kati anayo. Tairi ya 215/60R16 ya Royal ina kipenyo cha milimita 664 hivi, na ile ya 225/45R18 ni kama 660, kwa hiyo kubadilisha hakuivurugi spidomita. Mwenye Athlete anaweza kutafuta rimu ndogo kwa kazi ya kila siku, ilimradi kwanza ajaribu kama inapita kwenye breki ya mbele, maana baadhi ya Athlete zina breki kubwa. Kwa upande mwingine, mwenye Royal anayetaka gari lililokaza kidogo afunge shokapu mpya na bushi mpya kabla ya kufikiria springi. Kukata springi ni jambo ambalo halifai kuzungumzwa mbele ya fundi anayejiheshimu.

NANI ANUNUE ATHLETE?

Yupo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita kwa njia hiyo haina tena foleni ya pantoni, na yule mwenye kuteremka kwenye mteremko wa kivuko huku bampa la chini likikwaruza zege amepumzika. Mtu ambaye wiki yake ni Mwanza na Geita, au ambaye kila mwezi anashuka Shinyanga hadi Dodoma na Dar es Salaam, anakaa saa nyingi kwenye lami iliyonyooka. Huyo Athlete itamlipa kwa kutulia na kwa kutomchosha kwenye usukani.

Yupo pia anayenunua ili auze. Athlete huombwa na vijana, na vijana hawasubiri sana wakishaona sura. Anayekusudia kukaa nayo mwaka mmoja na kuitoa asije akainunua Royal kwa sababu mgongo wake umeipenda. Atakayemnunulia ana mgongo mwingine. Lakini na aikague Athlete hiyo kama mkopeshaji anavyokagua dhamana: asome tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa kila tairi, ambapo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, aangalie ukingo wa ndani wa kila rimu kwa tochi ya simu, na ainame kuona kama kuna spesa juu ya springi.

Kwa yule wa Buhongwa mwenye kilomita 25 kwa siku na nusu kilomita ya mawe, Royal yenye shokapu nzima inatosha. Bei yake aianzie chini ya ile ya Athlete, na asione haya kumkumbusha dalali kwamba gari hilo lina uso wa mzee.