Taulo za kike: kodi ilifutwa, bei ikagoma

Juni 2018, Waziri wa Fedha na Mipango wa Tanzania, Dk. Philip Mpango, alitangaza bungeni kufutwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike. Juni 2019 waziri huyohuyo akairudisha, kwa maelezo kwamba bei haikushuka na mlaji hakunufaika. Nafuu ilikuwa imeishia njiani, kwa wafanyabiashara.

Majirani zetu Kenya waliifuta mapema zaidi, mwaka 2004. Hata hivyo mwaka 2017 ilibidi watunge sheria ya kuwapa pedi bure wasichana wa shule za umma. Kumbe kodi si mwisho wa habari.

Piga hesabu. Pedi nne kwa siku, siku tano: ishirini. Hizo ni pakiti mbili za kumikumi kila mwezi kwa binti mmoja, na nyumba ina mabinti watatu na mama yao. Fedha anashika baba, na baba haambiwi mambo hayo. Basi khanga kuukuu inachanwa.

Kitambaa chenyewe hakina kosa. Pamba hufyonza vizuri, hufulika kwa sabuni na maji safi, na jua huikausha. Balaa ni aibu: kinafuliwa usiku, kinafichwa chini ya godoro, asubuhi kinavaliwa kibichi. Hapo miwasho na maambukizi hupata pa kuingilia.

Zamani mwambao wa Pwani ulikuwa na utaratibu wake. Binti akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi, akafundishwa kuvaa sodo, kujisafisha na kuhesabu siku zake. Simpambi kungwi, mafunzo yake mara nyingi yalikuja damu ikishaonekana, na mengine yalimwandaa mtoto kwa ndoa. Lakini binti alijua ni nani wa kumuuliza bila kuona haya. Shuleni nafasi hiyo ameachiwa matroni, mwenye vipindi vyake na rundo la madaftari ya kusahihisha. Asipopatikana, anayejibu ni rafiki wa dawati moja, naye amesikia kwamba mwenye hedhi akipita kwenye bustani mboga zinanyauka. Somo la hedhi lianze kabla ya kuvunja ungo, darasa la nne au la tano, na wavulana wakae humohumo wasikie. Wanaocheka doa kwenye sketi ni wao.

Kisha choo. Mlango una komeo? Maji yamo ndani, au bomba liko uwanjani mbele ya macho ya wote? Pedi iliyotumika inatupwa wapi? Ikitumbukizwa shimoni, shimo linajaa upesi. Ikikosa pa kwenda, binti anarudi nayo nyumbani kwenye begi la madaftari, au haji shule kabisa. Sheria ile ya Kenya ililiona hili, ikadai pia njia salama ya kutupa pedi. Sisi tumezoea Mei 28, Siku ya Hedhi Salama Duniani: maboksi yanagawiwa, picha zinapigwa, na mwezi unaofuata boksi ni tupu.

Mzazi uliye kwenye kamati ya shule, kikao kijacho ulizia komeo, maji na kichomea taka, tena uulize ukiwa baba. Mfadhili akija na maboksi yake, mkaribisheni, lakini mumwonyeshe choo kwanza.