Kutengeneza Kuta za Ndani Kabla ya Kupaka Rangi

Mafunzo kwa redio kwa madarasa ya watu wazima. Msimamizi wa darasa asome somo hili kwa sauti, polepole. Kisha wanafunzi walisome wenyewe, kila mtu fungu moja.

Maneno ya leo: ufa (nyufa), lipu, unyevu, masizi, msasa, chokaa, papasi.

Tunawasalimu ninyi mlio Kirushya, Rulenge na Murusagamba, na ninyi wa Nyakahura na Lusahunga kule Biharamulo. Leo tutazungumza juu ya kuta za chumba. Watu wengi hununua rangi kwanza, wakafikiri ukuta baadaye. Rangi hupakwa leo, mvua za masika zikifika imekwisha kubanduka kama ganda la ndizi, na fedha zimepotea. Tena liko jambo kubwa kuliko fedha, nalo ni afya ya watu wanaolala chumbani humo.

KWANZA: TAFUTA MAJI YANAPOTOKA

Ukuta wenye unyevu haushiki rangi. Basi, kabla ya kushika brashi, utazame ukuta kutoka juu hata chini. Doa likiwa juu karibu na dari, bati au nyasi zinavuja. Likiwa chini karibu na sakafu, toka nje ukatazame. Huenda udongo umerundikana ukutani, au maji ya paa yanaanguka kwenye msingi. Ziba bati, ondoa udongo, chimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Kupaka rangi juu ya doa bila kuondoa sababu yake ni kuficha ugonjwa, wala si kuuponya.

Wakati mzuri wa kazi hii kwetu ni kiangazi, kuanzia mwezi wa Juni hata Agosti. Ukitaka kujua kama ukuta wa saruji umekauka, chukua kipande cha nailoni, ukibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache kutwa na kucha. Ukikuta matone ya maji ndani yake, ngoja bado. Lipu mpya ya saruji iache majuma manne kabla ya kuipaka rangi, maana ina maji ndani yake na ukali unaoharibu rangi.

PILI: ZIBA NYUFA

Katika nyufa za kuta na sakafu za udongo hukaa papasi. Mchana hujificha, usiku hutoka kunyonya damu ya watu waliolala, kisha hurudi shimoni. Papasi huleta homa inayokwisha na kurudi tena baada ya siku kadhaa. Homa hiyo ni ya hatari sana kwa mama mwenye mimba na kwa mtoto mchanga. Daktari mmoja Mwingereza, Joseph Dutton, alikufa kwa homa hiyo huko Kasongo, Kongo, mwaka 1905, alipokuwa akiichunguza. Kwa hiyo, mtu azibaye ufa hapambi nyumba tu. Anamfungia adui mlango.

Ufa usipakwe udongo juu juu. Uchokoe kwa kisu mpaka uwe mpana kidogo, ufagie vumbi lote, unyunyizie maji, ndipo uujaze kwa kusukuma udongo ndani sana. Kwa ukuta wa udongo tumia udongo uleule wa ukuta, pamoja na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi. Usitumie saruji. Udongo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, lakini saruji haifuati mwendo huo, hivyo huachana nao na kuanguka. Kama hujui kipimo cha mchanga, fanya viraka vitatu vidogo: cha kwanza mchanga kidogo, cha pili zaidi, cha tatu zaidi tena. Vikikauka, tumia mchanganyiko wa kile kisichopasuka wala kutoa vumbi.

Wengi huchanganya samadi ya ng'ombe na udongo wa kusiriba. Ni desturi nzuri, maana nyuzinyuzi za samadi huzuia kupasuka. Lakini mwenye kidonda mkononi asiikande kwa mikono mitupu, kwa kuwa samadi huweza kuwa na vijidudu vya pepopunda.

Jirani zetu wa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Rusumo, wanaijua kazi hii vizuri. Huko Gisaka, katika nchi ya Rwanda, akina mama hupamba kwa michoro iitwayo imigongo. Wazee husimulia kwamba aliyeianzisha ni Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, aliyepamba kuta za ndani za nyumba yake. Hao huchanganya samadi na majivu, wakafanya matuta ya mapambo, wakayaacha yakauke, wakayasugua mpaka yawe laini, ndipo wakapaka rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kazi nyingi hufanywa kabla ya rangi.

TATU: SAFISHA

Pitisha kiganja chako ukutani. Kikitoka cheupe kwa vumbi, rangi mpya itashika vumbi hilo, haitashika ukuta. Fagia kwa brashi ngumu. Ukuta wa jikoni wenye masizi na mafuta, kama ni wa saruji, uoshe kwa maji na sabuni, kisha uusuuze. Kama ni wa udongo usiuoshe. Yakwangue masizi na kusiriba upya kwa tabaka jembamba.

Mahali penye kuvu jeusi pasifagiliwe pakiwa pakavu, maana vumbi lake hudhuru kifua. Kwenye saruji, pangusa kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe: kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 16 vya maji. Fungua madirisha. Usichanganye dawa hiyo na dawa nyingine yoyote ya usafi, maana huweza kutoa hewa ya sumu. Kama ukuta umetoa ungaunga mweupe wa chumvi, upanguse mkavu. Ukimwaga maji, chumvi itaingia tena ndani.

NNE: HADHARI NA RANGI YA ZAMANI

Rangi nyingi za mafuta za miaka iliyopita zilitiwa madini ya risasi. Risasi ni sumu. Huharibu ubongo wa mtoto, naye huila bila kujua, akigusa vumbi na kutia vidole kinywani. Shirika la Afya Duniani halijui kiasi chochote cha risasi kisichodhuru. Kwa hiyo, usisugue rangi ya zamani kwa msasa mkavu, wala usiichome moto. Ilowanishe kwanza, ndipo uikwangue ile inayobanduka tu. Tandika turubai sakafuni. Watoto na mama mwenye mimba wasikae nyumbani mpaka sakafu imepanguswa kwa kitambaa chenye maji. Mabaki yasitupwe bustanini wala karibu na kisima. Ukinunua rangi mpya, uliza kama haina risasi. Umoja wa Mataifa umeshauri nchi zisiruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi.

TANO: CHOKAA

Rangi za madukani hutaka ukuta mkavu, bali chokaa hutaka ukuta ulionyunyiziwa maji. Sababu ni hii: chokaa haikauki tu kama tope, huvuta hewa ya kaboni na kugeuka kuwa jiwe polepole. Ikikauka upesi mno, inabaki unga, nayo huchafua nguo za kila anayeegemea. Ipake nyepesi kama maziwa, mara mbili au tatu.

Chokaa ambayo haijazimwa huchemka ikikutana na maji. Itie chokaa kidogo kidogo ndani ya maji mengi. Usimwage maji juu ya chokaa. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi, kisha nenda zahanati mara moja.

SITA: DAWA YA MBU

Mwaka 2007 kazi ya kupuliza dawa ya ukoko ndani ya nyumba ilianza Muleba na Karagwe, kisha ikaenezwa katika wilaya nyingine za Mkoa wa Kagera. Dawa hiyo hukaa ukutani kwa miezi kadhaa ikiua mbu wanaotua. Mtu akipaka rangi au kusiriba juu yake, ameifunika, na mbu hawafi tena. Basi, kama watu wa afya wametangaza kuja kupuliza, maliza kazi yako kabla hawajafika. Kama wamekwisha kupuliza, muulize mhudumu wa afya ni lini unaweza kupaka.

HESABU YA LEO

Chumba kina urefu wa mita 3, upana wa mita 3, na kimo cha mita 2 na nusu. Kuzunguka kuta zote ni mita 12. Zidisha kwa 2 na nusu, utapata mita za eneo 30. Toa mita 3 za mlango na dirisha, zimebaki 27. Lita 1 ya rangi ya maji hutosha kama mita 10 za ukuta laini, kupaka mara moja. Kupaka mara mbili kwataka lita 5 na nusu hivi. Ukuta usiotengenezwa hunywa zaidi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini ufa wa ukuta wa udongo usizibwe kwa saruji?
2. Papasi hukaa wapi mchana?
3. Nani asiwemo nyumbani rangi ya zamani ikikwanguliwa? Kwa nini?
4. Chumba chako kina mita ngapi za ukuta? Pima, uandike katika daftari.

Kazi ya juma hili: kila mmoja atazame chumba wanamolala watoto, ahesabu nyufa zake, na azibe zilizo karibu na kitanda kwanza. Kwaherini, na kazi njema.