Upepo Unaopandisha Unga, na Vumbi Linalobaki Chumbani

Kwenye mashine nyingi za kusaga za mtaani, mahindi huingia kupitia hopa iliyo usawa wa kiuno, lakini unga hupanda kwa bomba la bati hadi karibu na dari kabla ya kushuka kwenye kiroba cha mteja. Ndani ya bomba hamna mkanda wala ndoo za kuinulia. Unga hubebwa na hewa tu, inayosukumwa na feni iliyofungwa karibu na nyundo za mashine.

Anayepeta mpunga anaijua kanuni yenyewe: pumba huenda na upepo, punje hurudi kwenye ungo. Kila kinachoanguka hewani hufikia kasi fulani, kisha hakiongezi tena. Kwa punje ya mahindi ni takriban mita 10 kwa sekunde. Hewa ikipanda bombani polepole kuliko hapo, punje inashuka. Ikizidi, punje inapanda nayo. Chembe ya unga yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita haihitaji hata nusu mita kwa sekunde.

Basi kwa nini feni ivume vile? Ni kwa sababu chembe hazisafiri moja moja. Zikizidi bombani hujikusanya mafungumafungu, hewa ikapita pembeni na fungu zima likaporomoka. Bomba likishakabwa, unga unarudi kwenye nyundo na kupata moto. Ndiyo maana msagaji mzoefu husikiliza injini kuliko anavyotazama mahindi: mlio ukianza kuwa mzito, mkono wake tayari uko kwenye kilango cha hopa, anakibana. Mahindi yenye unyevu ni balaa zaidi, maana unga huganda kwenye kona ya bomba, na hapo utamsikia akiligonga kwa kipande cha mti.

Juu, hewa na unga huingia kwa ubavu kwenye saikloni, yaani chombo kinachotenganisha unga na hewa, na kuzunguka. Unga hutupwa ukutani, ukateleza chini. Hewa hutokea juu, katikati. Kiafya, hapa ndipo pa kutazama, kwa kuwa saikloni hunasa chembe nene huku zile laini kabisa zikiponyoka. Chembe ya mikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, huanguka kama milimita 4 tu kwa sekunde. Kutoka usawa wa pua hadi sakafuni itachukua dakika 6 hivi, tena hewa ikiwa imetulia, na chumba cha mashine hakitulii. Zilizo ndogo zaidi ndizo zinazopenya hadi ndani ya mapafu.

Si habari mpya. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika juu ya maradhi ya wachekechaji na wapimaji wa nafaka. Leo tunajua kwamba vumbi hilo hubeba protini za nafaka, spora za ukungu na mabaki ya bakteria, na kwamba huweza kuleta pumu ya kazini. Ndani ya maghala makubwa huleta hatari nyingine, mlipuko: ghala la nafaka la Blaye, Ufaransa, lililipuka tarehe 20 Agosti 1997 na kuua watu 11.

Mitambo inayopakua nafaka melini kwa hewa mara nyingi hufanya kinyume cha mashine ya mtaani: hunyonya badala ya kusukuma. Bomba la kunyonya likitoboka, hewa ya nje huingia ndani na vumbi halitoki. La kusukuma likitoboka, hata kwa ufa wa upana wa kucha, unga unarushwa nje mchana kutwa. Kwa hiyo mwenye mashine asiyeweza kununua mtambo mpya aanzie kwenye maungio ya bomba baada ya feni, kisha mfuko wa kitambaa unaochuja hewa ya saikloni, ambao nimeona ukishonwa kwa uzi wa gunia na kuachwa na matundu. Kufagia kwa ufagio mkavu jioni kunaliamsha upya vumbi lililokwisha kutua.

Msagaji anayekohoa au kubanwa kifua siku za kazi, kisha akapata nafuu siku za mapumziko, amweleze daktari kazi anayofanya hata kama hakuulizwa.