Programu ya bure nayo ina mwenyewe: kesi ya treni ndogo Marekani

Programu huria hutolewa bure, na yeyote anaweza kuipakua, kuirekebisha na kuisambaza. Je, anayeichukua na kufuta majina ya walioiandika amevunja sheria gani? Nchini Marekani swali hilo lilijibiwa mwaka 2008, katika mgogoro uliohusu treni ndogo za kuchezea, zile ambazo watu wazima huziendesha nyumbani kwao.

Robert Jacobsen, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika pamoja na wenzake waliojitolea programu ya kuongoza treni hizo kwa kompyuta. Matthew Katzer, mfanyabiashara wa Oregon aliyeuza programu ya aina hiyo, alidai kuwa hataza yake imekiukwa. Akamtumia profesa ankara ya zaidi ya dola 200,000, kwa kitu kilichokuwa kikigawiwa bure!

Mwaka 2006 Jacobsen alikwenda mahakamani. Katika kesi hiyo alidai pia kwamba Katzer ndiye aliyechukua mafaili ya programu huria na kuyatia katika bidhaa yake, bila majina ya waandishi wala taarifa ya hakimiliki, ingawa leseni ilitaka vyote vibaki.

Mahakama ya kwanza ilikataa kutoa zuio, ikisema hilo ni suala la mkataba. Hapo ndipo penye hatari. Anayevunja mkataba kwa kawaida hulipa hasara aliyosababisha, na hasara ya kitu kisicho na bei ni kiasi gani? Kwa hesabu hiyo, leseni ya programu huria ingekuwa ombi tu.

Tarehe 13 Agosti 2008 mahakama ya rufaa iliona vingine. Majaji walishika neno moja la leseni: ruhusa imetolewa "mradi" masharti yafuatwe. Mwenye shamba akikwambia pita, mradi usichume, ukichuma huna tena ruhusa ya kuwa humo. Vivyo hivyo, anayenakili bila kutimiza masharti anaweza kushtakiwa kwa kukiuka hakimiliki. Waliongeza kwamba kutotoza fedha si kukosa faida, kwani mwandishi hupata sifa na maboresho kutoka kwa wengine.

Kesi ilirudishwa mahakama ya chini. Februari 2010 pande mbili zilipatana, Katzer akakubali kulipa dola 100,000. Programu yenyewe, JMRI, ingali inagawiwa bure.