Umaskini wa India Mbele ya Macho ya Dunia

Mwaka 1980 mwigizaji nyota Nargis, wakati huo mjumbe wa Baraza la Juu la Bunge la India, alimshutumu mwongozaji Satyajit Ray kwamba anauza nje umaskini wa nchi yao. Alitaka dunia ioneshwe India ya kisasa. Wote wawili wameshafariki, lakini shutuma hiyo huibuka upya kila filamu yenye mafukara wa India inapopata tuzo ughaibuni.

Nargis mwenyewe ndiye mama fukara wa Mother India (1957), filamu iliyoteuliwa kuwania Oscar na kupendwa mno na watazamaji wa Unguja na Mombasa. Humo anakokota plau kwa mabega yake. Lakini filamu inaanza akiwa bibi kizee, anaombwa kuzindua mfereji wa umwagiliaji. Dhiki yake imeshapita, imegeuka sifa ya taifa. Umaskini wa namna hiyo serikali yoyote huupokea kwa mikono miwili.

Ray hakutoa faraja hiyo. Pather Panchali (1955) aliianza kwa fedha za kuungaunga, hadi vito vya mkewe vikawekwa rehani, kabla serikali ya Bengal Magharibi haijamsaidia kuimaliza. Ndani yake, Durga, binti wa familia maskini, anatuhumiwa kuiba mkufu wa jirani, naye anakana. Baadaye ananyeshewa na mvua, anashikwa na homa, anafariki. Familia inapofungasha kuhama, mdogo wake Apu anaukuta mkufu umefichwa ndani ya bakuli. Hamwambii mtu. Anautupa bwawani, na magugu maji yanajifunga juu yake. Mtoto yule analinda heshima ya dada yake, wala hamwombi mtazamaji huruma. Anayeona biashara ya umaskini katika tukio hilo hakulitazama vizuri.

Shutuma ya Nargis ingekuwa na uzito zaidi kama ingeelekezwa kwa Slumdog Millionaire, iliyoongozwa na Mwingereza Danny Boyle na kuzoa Oscar 8 mwaka 2009. Humo mtaa wa mabanda ni shimo la kuchomoka mbio kuelekea kwenye mamilioni; wanaobaki hawana hadithi.

Mwaka 2024 All We Imagine as Light ya Payal Kapadia, inayohusu wauguzi waliohamia Mumbai kutafuta maisha, ilipata Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa huko Cannes. Kamati ya India ya kuchagua filamu ya kwenda Oscar iliiacha, ikapeleka Laapataa Ladies. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba wajumbe waliiona kama filamu ya Ulaya iliyofanyika India. Sikubaliani nao hata kidogo. Wauguzi wale wanabanana kwenye treni za Mumbai na kuhangaikia kodi ya chumba cha Mumbai. Filamu yao ni ya India, na India ilipaswa kuisimamia.